Adui Akishapiga Magoti

Mchezo ninaotaka kuueleza leo hauhitaji umeme, wala bando la intaneti, wala simu ya bei kubwa. Kwa msomaji wa Kabimba, kule kwenye kiwanda cha simenti kaskazini mwa Kalemie, hilo si jambo dogo. Unahitaji karatasi, penseli, dadu, na watu wanne au watano wasio na haraka ya kulala. Mmoja wao anakuwa msimulizi. Anabuni nchi yenye milima, falme, mazimwi na miungu, kisha anawatembeza wenzake humo kwa maneno tu. Wengine kila mmoja anachukua uhusika wa mtu mmoja: mwindaji, mganga, binti wa mhunzi, mwizi aliyetoroka gerezani. Msimulizi anasema, "Mmefika mlangoni mwa pango, mnasikia mtu analia ndani." Wachezaji wanaamua la kufanya, na palipo na mashaka wanarusha dadu. Hakuna anayeshinda na hakuna anayefungwa. Kuna hadithi inayosonga mbele, na jioni inayofuata inaendelea pale ilipoachwa. Nitauita mchezo wa uhusika.

Waliocheza kwa muda wanajua unapokwama. Kupigana ni rahisi, kanuni zake zimeandikwa na dadu ziko mezani. Shida inakuja vita vikiisha. Yule mfalme aliyechoma vijiji tangu mchezo uanze ametupa upanga, amepiga magoti, anasema amekosa. Hapo ndipo wachezaji wanapoanza kubishana. Mmoja anataka akatwe kichwa palepale. Mwingine anasema aachwe, kila mtu hukosea. Wa tatu, ambaye kwa kawaida huwa mkimya, anauliza swali zito kuliko yote: huyu mfalme alitumwa na mungu wake, sasa mwenye kosa ni nani? Msimulizi ambaye hakujiandaa anafungua kitabu cha kanuni kutafuta jibu.

Vitabu vya kanuni vina jibu, na inafaa tujue lilitoka wapi. Mchezo wa kwanza wa aina hii kuuzwa, Dungeons & Dragons, ulitoka Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Viumbe wake waligawanywa kambi tatu: wa utaratibu, wa vurugu, na wasioegemea upande. Wazo hilo liliazimwa kwa watunzi wa riwaya, hasa Poul Anderson na Michael Moorcock, ambao kwao utaratibu na vurugu zilikuwa pande mbili za vita vya ulimwengu mzima. Miaka michache baadaye, kati ya 1977 na 1978, wabunifu wakaongeza mstari wa pili, wa wema na uovu. Tatu mara tatu ni tisa, na tangu hapo kila mhusika, kila joka na kila mungu akawa na kisanduku chake kati ya visanduku tisa. Mwema wa utaratibu, mwovu wa vurugu, na wengine katikati yao.

Mwaka 1980 kikatoka kitabu cha miungu, Deities & Demigods, cha James Ward na Robert Kuntz. Humo wamo miungu ya Wagiriki, ya Wahindi, ya Wamisri wa kale, ya Wachina, hata ya watunzi wa riwaya za kutisha. Kila mungu ameandikiwa kisanduku chake cha maadili na alama zake za uhai. Zeus amepewa 400. Maana yake mchezaji mwenye upanga mzuri na subira ya kutosha anaweza kumpunguza Zeus pigo kwa pigo hadi afe. Miungu ya Afrika kusini ya Sahara haimo katika kitabu hicho. Wapo wanaolalamikia hilo. Mimi nashukuru, maana sina hamu ya kumwona Leza, ambaye Watabwa na Wabemba wamemtaja vizazi na vizazi, amepimwa kwa alama.

Visanduku vile si upuuzi mtupu. Mchezaji mgeni anapata pa kuanzia, na msimulizi aliyechoka anajua zimwi fulani litafanya nini. Hasara ni kwamba kisanduku kinajibu swali kabla halijaulizwa. Kama kitabu kimesema kabila zima la viumbe ni wabaya kwa kuzaliwa, basi kuwaua si kosa na kuwasamehe ni ujinga. Ilichukua miaka 46 kabla ya kampuni inayochapisha mchezo huo, Wizards of the Coast, kutangaza mwaka 2020 kwamba itaacha kuwaonyesha viumbe kama orki kuwa waovu wa asili. Mkongomani ambaye babu yake aliandikwa kwenye daftari la mkoloni pamoja na "tabia ya kabila" lake hahitaji kuelezwa ubaya wa mtindo huo.

Pwani ya Ziwa Tanganyika ilikuwa na njia nyingine ya kuishi na wenye nguvu wasioonekana, na ushahidi wake mmoja ni wa zamani. Mwaka 1874 Mwingereza Verney Lovett Cameron alisafiri ziwani kwa mtumbwi. Walipofika rasi ya Kabogo, ng'ambo ya ziwa, katika Tanzania ya leo, waongozaji wake walisimamisha safari. Mmoja akasimama kwenye omo, akanyoosha kasia ambalo juu yake palikuwa na shanga chache za kawaida. Wakamwita mwenye rasi mkubwa, wakamwita mfalme, wakamwambia kwamba yeye ndiye anayewachukua na kuwaua watu wote, kisha wakamwomba awaache wapite salama. Shanga zikadondoshwa majini. Rasi ile ina ncha mbili, na ncha ya pili ilisemwa kuwa makazi ya mke wake, kwa hiyo hatari ilikuwa maradufu.

Cameron aliona kituko akakiandika. Mimi naona somo kamili la namna ya kubuni mungu wa mchezo. Maneno yale yanampa sifa na shutuma kwa pumzi moja. Mabaharia hawakusema kwamba ni mwema, kwa sababu wanajua mitumbwi mingapi imezama pale. Hawakumgeuza adui pia, wala hawakutafuta jinsi ya kumwangamiza. Walichojua ni kwamba pale ni kwake, ana mke, ana kiasi anachokubali, na ukimlipa kwa heshima njia inafunguka. Mungu huyu ana anwani. Maadili yake yanaonekana katika anavyompokea mgeni na katika anavyoshika ahadi, na hakuna kisanduku kati ya vile tisa kinachomtosha.

Upande wetu wa ziwa mambo yalikuwa hivyohivyo. Watabwa, wanaoishi Mpala, Moba na milima ya Marungu, wamewajua ngulu, wenye milima, mapango, chemchemi na miamba. Ngulu anaweza kumpa mwindaji nyama na anaweza kumpa ugonjwa. Kinachoamua ni mwendo wa mtu anapoingia mahali pale: alisema nini, aligusa nini, alisahau nini. Anaweza pia kumpanda mtu na kusema kwa kinywa chake katika ibada za bulumbu, na hapo watu wanapata nafasi ya kumuuliza amekasirikia nini na anataka nini. Mungu anayeweza kuulizwa si sawa na mungu aliyeandikiwa jibu lake kitabuni.

Kisha mwaka 1885 wamisionari wa White Fathers walipokea kituo cha Mpala, na katekisimu ikaja na mgawanyo wake. Mungu akabaki mmoja upande mmoja, na wengine wote, wenye milima na wenye maji, wakasukumwa upande wa shetani. Sisemi hivi ili nifungue kesi na mapadri, nami ni mtoto wa kanisa. Nasema kwa sababu kijana wa leo anayebuni mchezo wake wa kwanza Kalemie huanza na mgawanyo huohuo bila kujua. Anaweka mungu wa nuru, anaweka mungu wa giza, halafu anashangaa kwa nini wachezaji wanapiga miayo.

Afanye nini badala yake? Nitamtuma kaskazini, msitu wa Walikale katika Kivu Kaskazini, kwa Wanyanga. Mwaka 1956 fundi wa masimulizi, mzee Shekarisi Rureke, alimwimbia na kumsimulia mtafiti Mbelgiji Daniel Biebuyck kisa kirefu cha shujaa Mwindo. Biebuyck na Mnyanga msomi wa lugha, Kahombo Mateene, wakakichapisha mwaka 1969. Kwa maoni yangu ndicho kitabu cha kanuni bora kuliko vyote vilivyopata kuandikwa kwa ajili ya msimulizi wa mchezo wa uhusika, ingawa hakina hata dadu moja.

Mtazame Nkuba, bwana wa radi. Mwanzoni mwa kisa anajaribu kumpiga Mwindo, kwa sababu ana urafiki na Kasiyembe, mlinzi anayetaka kumzuia mtoto huyo asimfikie shangazi yake. Baadaye Mwindo anapoushambulia mji wa baba yake, Nkuba ndiye anayeleta radi na kuuteketeza mji kwa ajili yake. Na karibu na mwisho, Mwindo akiwa chifu mwenye sifa, anaua zimwi la msituni liitwalo Kirimu. Kila mtu anashangilia isipokuwa Nkuba, ambaye alikuwa amechanjiana damu na zimwi lile. Anashuka, anambeba shujaa hadi mbinguni, na kwa mwaka mzima anamwacha ateswe na mvua, baridi, mwezi na jua hadi kiburi kimtoke. Kwa kitabu cha 1980, mungu huyu amehama kambi mara tatu na mwandishi wake angeambiwa arekebishe. Ukimtazama kwa jicho la mtu anayejua udugu wa damu, Nkuba hakuhama hata hatua moja. Kila mara alisimama na mtu aliyefungamana naye. Wachezaji wakishajua madeni ya mungu wanaweza kubashiri hasira yake, na wanaweza kuzungumza naye.

Au mtazame Muisa, mkuu wa kuzimu. Anamkaribisha Mwindo, aliyeshuka huko akimsaka baba yake, anampa kiti, anampa kinywaji. Kahindo, binti wa kulekule kuzimu ambaye mwili wake umejaa vidonda vya buba, amekwisha kumwonya asikubali hata kimoja kati ya hivyo. Mwindo alikuwa amekutana naye kisimani na hakumkimbia, akamwosha vidonda vyake. Hapo pana jambo ambalo wabunifu wengi wa michezo hawajalipata hadi leo: msaada mkubwa kuliko wote katika safari nzima ulitoka kwa mgonjwa ambaye wengine wangempita, na ulikuwa malipo ya kitendo kimoja cha mikono.

Ila mwovu wa kisa hiki ni baba, na nitakaa naye zaidi. Shemwindo, chifu wa Tubondo, aliwaambia wake zake saba wazae mabinti tu, kwa sababu mabinti huleta mahari. Mtoto wa kiume atauawa. Mke mmoja akamzaa Mwindo, mtoto aliyezaliwa akicheka, akisema na akitembea. Baba akamrushia mkuki mara kwa mara, mkuki ukagonga nguzo. Akamzika mtoto akiwa hai, mtoto akatoka kaburini. Akamfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Ukimweka mtu huyu mezani leo, hakuna mchezaji atakayebisha kwamba anastahili kufa. Na kisa kinatupa nafasi ya kumuua: mji wake unateketezwa, anakimbilia kuzimu, mtoto wake anamfuata kutoka bwana mmoja wa kuzimu hadi mwingine. Kwa Sheburungu, Mwindo anacheza kamari, anapoteza kila kitu, kisha anashinda kila kitu, na ushindi wenyewe ni baba yake. Anampata. Anamrudisha nyumbani akiwa hai.

Sasa tazama wanavyoshughulika naye. Kwanza mji unafufuliwa, kwa hiyo watu aliowaponza wanakuwepo. Linaitwa kusanyiko la nchi nzima. Shemwindo, Mwindo na shangazi Iyangura wanaketi kwenye viti vya shaba mbele ya watu. Shemwindo anasema kwa kinywa chake alichofanya, tangu amri ya mabinti hadi ngoma ya mtoni. Iyangura anasimama na kumkemea kaka yake hadharani, anamwonyesha kwamba kumbagua mtoto wa kiume na wa kike ndiko kulikoanzisha balaa lote. Baada ya hapo tu ndipo Mwindo anasema amemsamehe. Na msamaha una bei yake: Shemwindo anamvika mwanawe uchifu, nchi inagawanywa, baba anabaki na mlima mmoja na mwana anachukua mwingine.

Nani asiyelijua baraza la namna hiyo? Mwenye kosa anatajiwa kosa lake, anakubali mbele ya watu, mtu mwenye haki ya kumkemea anamkemea, analipa, halafu anabaki kuishi palepale na wale aliowakosea. Jambo la mwisho ndilo gumu na ndilo tamu. Shemwindo hafi. Kila asubuhi ataamka akiutazama mlima wa mwanawe.

Linganisha na mwovu maarufu kuliko wote wa sinema, Darth Vader, katika filamu ya Star Wars ya 1983. Amewaua watu wasiohesabika. Dakika za mwisho anamwokoa mwanawe, anamtupa bwana wake shimoni, anakufa, na mwanawe anamchomea mwili kwa heshima. Ni onyesho zuri, nami huliangalia kila linapoonyeshwa. Ila kifo kile kilimwokoa na kitu kigumu kuliko kufa, yaani kusimama mbele ya walionusurika wa sayari iliyolipuliwa na dola aliyoitumikia, na kusikiliza. Waandishi wa hadithi wamependa njia hiyo kwa sababu inafunga mlango haraka: mwovu anatubu kwa tendo moja kubwa, anakufa, hakuna anayeulizwa kama amekubali. Wasimulizi wa michezo wanaiga. Machozi ya mwovu yanakuwa jambo kuu, na wajane wa vijiji vilivyochomwa hawana hata mstari mmoja wa kusema.

Katika katuni ya Avatar: The Last Airbender, iliyoonyeshwa kuanzia 2005 hadi 2008, mwana wa mfalme Zuko alifanyiwa vizuri zaidi. Anapohama upande haaminiwi. Anarudi kwa kila mmoja aliyemuumiza, mmoja baada ya mwingine, na mmoja wao, Katara, anamkatalia kwa muda mrefu. Kukataa huko ndiko kunakoupa msamaha uzito. Mchezo wa uhusika una uwezo wa kufanya hivi kuliko katuni yoyote, kwa sababu aliyedhulumiwa anaweza kuwa mhusika wa mtu aliyeketi hapo mezani, mwenye ulimi wake, na msimulizi hana mamlaka ya kumsemea.

Si kila mwovu lakini atapita njia ya Shemwindo. Waluba, ambao nchi yao inajaza sehemu kubwa ya mkoa wetu wa Tanganyika, kuanzia Manono hadi Kabalo na Kongolo, wana Nkongolo Mwamba. Ni mfalme mwekundu, mlevi, mkatili, aliyevunja mwiko na dada zake. Mgeni kutoka mashariki, mwindaji Mbidi Kiluwe, anawasili na adabu za kifalme, anaoa dada za Nkongolo, na anazaliwa Kalala Ilunga. Mjomba anaona wivu. Anachimba shimo, anapanda mikuki ndani, anafunika kwa mkeka, kisha anamwalika kijana acheze ngoma juu yake. Kijana anaonywa, anatoroka, anarudi na jeshi, Nkongolo anakatwa kichwa. Hakutubu, hakusamehewa.

Hata hivyo Waluba hawakumfuta. Alibaki angani katika upinde wa mvua. Wataalamu wa mila za Waluba wanaeleza pia kwamba mfalme mpya, kabla ya kutawazwa, alipitishwa sirini katika mwiko uleule wa Nkongolo, ndipo akatoka kuwa mfalme wa ukoo wa Kalala Ilunga. Kiti kinabeba wote wawili. Chama cha Mbudye kilihifadhi historia hiyo kwenye lukasa, kibao cha mbao kinachoshikika mkononi, kilichopigiliwa shanga na vipande vya chuma. Msomaji alipitisha kidole kutoka ushanga hadi ushanga akisimulia, na ushanga mwekundu uliweza kusimama mahali pa Nkongolo. Usimulizi ulibadilika kulingana na msomaji, waliomzunguka na jambo lililowakutanisha. Shanga hazikubadilika. Ninapoona karatasi ya mhusika wa mchezo, yenye vinamba vyake na visanduku vyake, huwa natamani mbunifu wake angeiona lukasa kwanza.

Kwa msimulizi, Nkongolo anafungua mlango wa pili. Mwovu anaweza asisamehewe na bado awe wa lazima. Wachezaji wamemwua mfalme mbaya, sawa, lakini sheria za nchi ni zake, mabwawa ni yake, nusu ya watu ni wazao wake. Mrithi atachukua nini na ataacha nini? Maswali hayo huendesha mchezo muda mrefu kuliko pambano lolote na joka.

Na yupo wa tatu, ambaye hakubuniwa. Ukishuka pwani ya ziwa kusini kutoka Kabimba utafika Mpala, ambako mwaka 1883 Luteni Mbelgiji Émile Storms alijenga ngome. Katika milima ya ndani alikuwapo chifu Lusinga, aliyeteka watu na kuwauza kwa wafanyabiashara wa pwani ya mashariki. Desemba 1884 watu wa Storms walimwua, wakakata kichwa. Fuvu likapelekwa Ubelgiji na kupimwa na wasomi, pamoja na sanamu ya mababu wa Lusinga ambayo imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Tervuren. Ubelgiji ikamjengea Storms sanamu ya heshima, kama mkombozi wa watumwa. Sanamu hiyo iliondolewa kwenye uwanja wake mjini Brussels mwaka 2022. Mtafiti Mmarekani Allen Roberts, aliyeishi na Watabwa miaka ya 1970 na kuandika kitabu kizima juu ya mauaji hayo mwaka 2013, anaonyesha jinsi kila upande ulivyokisimulia kisa hicho kwa faida yake.

Nani mwovu hapo? Lusinga aliuza watu, hilo halifichiki, na vizazi vya waliouzwa wana haki ya kulisema. Storms alikata vichwa na kuvikusanya, hilo nalo halifichiki. Kisanduku kimoja hakimtoshi hata mmoja wao. Lakini sikubaliani na wale wanaokimbilia kusema kwamba basi wote ni sawa, kila mtu na ukweli wake. Waliouzwa wapo. Waliokatwa vichwa wapo. Kuwa na pande nyingi za kusimulia hakufuti deni la mtu yeyote, kunaongeza idadi ya watu wanaopaswa kuitwa kwenye kusanyiko.

Nimefika kwenye tahadhari, nami sitairefusha. Mkoa wetu umeona mapigano ya Wabatwa na Waluba, na mwaka 2016 na 2017 maelfu ya watu walikuwa wakilala kwenye vibanda vya wakimbizi wa ndani pembeni ya Kalemie. Mezani kwako Kabimba anaweza kuketi kijana ambaye kijiji kilichochomwa kwake si cha kubuni. Usimlazimishe kusamehe katika mchezo jambo ambalo hajalisamehe katika maisha. Mbunifu mmoja wa Marekani, John Stavropoulos, alipendekeza njia rahisi: kadi yenye alama ya X inawekwa katikati ya meza, na yeyote anayeigusa, tukio lile linarukwa bila kuulizwa sababu. Kipande cha boksi la sabuni kinatosha. Kabla ya siku ya kwanza mkubaliane pia mambo ambayo hayataguswa kabisa.

Kuhusu miungu, hatari ni nyingine. Mwaka 2002 kampuni ya Marekani ya Atlas Games ilitoa kitabu cha mchezo wa uhusika kiitwacho Nyambe, jaribio la heshima la kubuni Afrika ya njozi. Mwaka 2016 studio ya Kiro'o Games ya Yaoundé, Kamerun, ikatoa Aurion, mchezo wa kompyuta wa uhusika uliobuniwa na Waafrika kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mwafrika wa mashariki au wa kati anayetaka kufuata njia hiyo asichukue majina ya ngulu walio hai, wenye walinzi wao na familia zao, na kuwapa wachezaji wawapige mishale. Achukue mantiki. Mungu wako umpe makao, umpe mwiko mmoja unaojulikana na mmoja usiojulikana, umpe mke au ndugu wa damu, na umpe deni ambalo hajalilipa. Jina umbunie mwenyewe. Ukitaka jina halisi, muulize kwanza mzee wa mahali pale, na akikataa, umekataliwa.

Ombi langu kwa msimulizi anayeanza ni dogo. Kabla hujaandika jina la adui wako mkuu, andika majina ya watu watatu aliowadhulumu, kila mmoja na kazi yake, kijiji chake na alichopoteza. Wawe hai hadi mwisho wa mchezo, waitwe siku ya hukumu, na usiamue mapema kwamba watakubali.